Karafuu Chini ya Darubini

Nyie vijana mkizipita nyumba za mwisho za Micheweni, mkashika njia ya maweni inayokwenda pwani, mtaona sakafu ya saruji yenye reli mbili. Reli hizo haziendi popote. Hatua kumi na nne tu, zimekwisha. Watoto wa skuli huniuliza, "Bibi, treni ilikuwa ya kwenda wapi?" Pemba na treni wapi na wapi! Zile ni reli za paa. Mie ndiye niliyekuwa nikilisukuma, mie na mume wangu Kombo, miaka mingi, na kazi yetu ilikuwa kuziwahi nyota zinazokufa kabla hazijazimika.

Msinicheke. Najua nilivyo. Nimesoma mpaka darasa la tatu. Nimezaliwa baada ya Mapinduzi, wakati msimu wa karafuu ukiingia skuli zinafungwa, watoto wote tunakwenda kuchuma. Msimu ukisha wenzangu walirudi darasani, mie mama alikuwa kajifungua mapacha, nikabaki nyumbani kulea. Mpaka leo nasubiri skuli ifunguliwe. Kwa hiyo haya nayaandika kwa hati yangu ya darasa la tatu, na mjukuu wangu atayapiga chapa, na nimemwambia asinitengenezee maneno.

Kazi yenyewe niliipata kwa ufagio. Kombo alishakuwa mlinzi pale tangu kibanda cha darubini kinajengwa. Siku moja akaja nyumbani na Dokta Nassor, mtu wa Unguja mjini, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniamkia vizuri, akasema, "Bi Riziki, natafuta mtu wa kufagia chumba cha darubini. Lakini sitaki vumbi liruke."

Nikamwambia, "Nitamwagia maji kwanza."

"Na maji pia sitaki."

"Basi nifagie kwa dua, Dokta?"

Alicheka mpaka miwani ikamtoka. Kumbe kulikuwa na njia: kitambaa kibichi kilichokamuliwa hasa, unakiburura taratibu kama unayemfuta mtoto uso. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, akasimama mlangoni ananitazama, akasema nimeajiriwa. Kombo akaniambia njiani, "Mie miezi minane nafukuza mbuzi hapa, hajawahi kunitazama hivyo."

Sasa niwaeleze darubini ilikuwa ya nini, maana wengi walidhani ni ya kutazamia mwezi wa Ramadhani. Dokta alinieleza hivi, nami nasema kama nilivyoelewa, mwenye elimu zaidi anisahihishe. Ziko nyota kubwa huko mbali, mbali kiasi kwamba ukitajiwa unaona bora usingeuliza. Zikifa haziondoki kimya. Hutoa mmweko wa miale ya gama, nguvu isiyosemeka, kwa sekunde chache tu. Miale hiyo macho yetu hayaioni, na hewa yetu haiipitishi. Lakini kuna setilaiti inazunguka huko juu, yenyewe inaiona. Ikiuona mmweko inapeleka habari chini papo hapo: tazameni upande fulani! Hapo ndipo darubini za ardhini zinageuka, maana mmweko ukishapita unaacha nyuma mwanga wa kawaida, nao unafifia dakika kwa dakika.

Mie nilielewa kwa mafiga. Ukitoa kuni jikoni, moto umekwisha, lakini kaa limebaki jekundu. Ukitaka kujua ilikuwa kuni ya mti gani, lichungulie kaa mapema. Ukichelewa, ni jivu, na majivu yote sura moja. Nilipomwambia Dokta hivyo alichukua kalamu akaandika.

Darubini ilikuwa na kioo kikubwa chini, kama sinia la biriani la watu wanane, na juu yake vyuma vyembamba vimeshika kioo kidogo na kamera. Mchana kutwa inafungiwa ndani na kufunikwa kitambaa cheupe, ikitoka ni usiku. Kombo akaiita Mwari. Jina likashika. Hata Dokta akipiga simu huuliza, "Mwari hajambo?"

Paa lilikuwa la mabati juu ya magurudumu, linasukumwa lote kwenda nyuma mpaka juu ya ile sakafu, mbingu yote inabaki wazi. Hapo mwanzo lilikuwa na mota. Mota ilikaa mwaka na kidogo, chumvi ikaila. Ikaletwa nyingine, ikaliwa. Ya tatu Kombo akamwambia Dokta, "Hii chumvi haishibi. Tuachie siye mikono." Tangu hapo kompyuta ikilia, paa linafunguliwa na watu wawili wazima, mmoja kila pembe, mnakwenda pamoja. Mmoja akimtangulia mwenziwe paa linakaa mshazari na gurudumu linapanda reli. Mtu na mkewe waliogombana asubuhi hawawezi kufungua paa lile. Tulijaribu.

Makosa yetu ni mengi, nitawapa mawili kwanza, yale madogo. Magurudumu yalipoanza kulia nikaona nipake mafuta ya nazi. Yakanyamaza kweli. Siku ya pili sisimizi wamepiga mstari kutoka ukutani mpaka kwenye reli, na kutoka kwenye reli mpaka ndani ya kisanduku cha nyaya. Dokta alifungua kisanduku, akakifunga tena, akaenda kusali Adhuhuri kwanza. Aliporudi akaniambia, "Bi Riziki, mafuta ya nazi ni ya nywele na wali."

Jingine ni la siku ya kwanza kompyuta ilipolia kwa habari ya mmweko baada ya mota kufa. Tulitoka mbio mie na Kombo, tumelisukuma paa mpaka pumzi zimekatika, tumesimama tunatazama juu kama watu wanaongojea kitu kianguke. Dokta akatoka kajikuna kichwa. "Samahanini. Nyota yenyewe iko chini ya miguu yetu, upande wa pili wa dunia. Haitufai."

Kombo akauliza, "Sasa tuchimbe?"

Mjue basi kwamba habari nyingi zilikuwa hivyo. Mara iko chini, mara jua bado, mara mawingu, mara setilaiti yenyewe imedanganyika, si mmweko wa nyota ila nyota ya zamani imejitikisa tu. Miaka ilipita hatukushika kitu. Na hapo ndipo panapokuja kisa chenyewe, kile nilichotaka kukisimulia tangu mwanzo.

Mwaka huo, msimu wa karafuu unaanza, ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa Dokta. Alitusomea tumekaa barazani. Walisema Pemba ina unyevu mwingi na chumvi nyingi, na kituo hakijaleta picha ya maana. Wakatoa muda mpaka msimu wa vuli uishe. Pakipatikana mmweko mmoja uliofuatwa vizuri, kituo kitabaki. Usipopatikana, darubini itafunguliwa vipande, ipelekwe kwenye mlima mmoja mkavu huko bara.

Kombo akauliza, "Na siye?"

Dokta akakunja barua. "Barua haikusema."

Sitaki kuwadanganya, kazi niliitaka. Lakini zaidi nilimtaka Mwari. Nilimfuta vumbi kila siku kwa miaka, nikijua sauti ya kila gurudumu lake. Unamlea mtoto wa watu, halafu barua inasema anahamishwa kwa sababu kwenu kuna unyevu.

Sasa tuje kwa wifi yangu, Mkasi, dada yake Kombo. Nyie mnaomjua mnajua. Hana haja ya spika. Shamba lake la karafuu liko upande wa Wete, kwenye vilima, na huko mvua haina adabu, jua linachungulia na kuondoka. Kwetu maweni hakuoti mkarafuu wa maana, ila jua tunalo. Kwa hiyo kila msimu Mkasi analeta magunia ya karafuu mbichi kuja kuanika kwetu. Na sakafu ipi nzuri Micheweni nzima kuliko ile ya paa? Saruji laini, imeinuka, haina mbuzi kwa sababu ya Kombo.

Dokta alishakataza. Alisema mara tatu, kwa upole: sakafuni hakuanikwi kitu, na ndani ya chumba cha darubini hakuwekwi kitu. Nikamwambia Mkasi. Akaniuliza, "Hilo paa linaanza kufunguliwa saa ngapi?"

"Magharibi."

"Na jua linachwa saa ngapi?"

"Magharibi."

"Basi mimi na darubini tunapishana mlangoni, tatizo liko wapi, wifi?"

Mie nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa ruhusa. Akatandika majamvi. Dokta mchana alikuwa analala nyumba aliyopanga kule Micheweni mjini, anakuja jioni, wakati huo tumeshaanua na kufagia. Siku tano zikapita salama, karafuu zinaanza kuwa nyekundu, harufu imejaa kila mahali.

Siku ya sita Mkasi alikwenda Wete kufuata gunia la mwisho. Alasiri nimeshika kitambaa changu, nikasikia upepo umegeuka. Nikatoka. Upande wa Msuka mbingu nyeusi, na mvua yenyewe naiona inakuja juu ya maweni, nyeupe kama pazia. Kombo kaenda msikitini. Mie peke yangu, na karafuu za wifi yangu ziko nje, zimekauka nusu.

Nyie wa siku hizi labda mnaweza kuipita karafuu ya mtu inanyeshewa mkaendelea na safari. Siye hatukulelewa hivyo. Ukiona wingu, karafuu haina mwenyewe, ni ya aliye karibu. Unaacha chungu jikoni, unaacha mtoto analia, unakimbia kuanua. Nimewahi kumwona mtu na adui yake, hawajaamkiana mwaka, wanakunja jamvi moja huku na huku, wakimaliza kila mtu anakwenda zake bila neno. Ikinyeshewa katikati ya kukauka inakuwa nyeupe, tumbo wazi, haifai. Kazi ya mwezi mzima imekwenda.

Nikakimbia. Nilikunja jamvi la kwanza, la pili, la tatu. Nyumbani kwangu mbali. Matone ya kwanza yakanipiga mgongoni, makubwa. Na mbele yangu mlango wa chumba cha Mwari uko wazi.

Nikaingiza zote. Nikazimimina pembeni, chini kabisa ya darubini, chungu nzima kama kaburi, nikaifunika kwa turubali. Nikasema moyoni, mvua ikikatika nitazitoa. Mvua haikukatika. Ilipiga mpaka Magharibi, na umeme ukaondoka, na Dokta akaja na baiskeli yake analowa, akaingia moja kwa moja chumba cha kompyuta, kile kidogo cha pembeni, kinachotumia betri.

Kombo alirudi akaliona lile turubali, akanitazama. "Hiyo nini?"

"Dada yako."

"Mungu wangu."

"Nizitoe wapi na mvua hii?"

"Mwambie Dokta."

"Barua imekuja juzi tu, Kombo. Nimwambie mie ndiye wa kwanza kuvunja sheria?"

Harufu haikuweza kutoa siri yetu, maana msimu ule Pemba nzima ilinuka karafuu, mpaka nguo za Dokta mwenyewe.

Tumeshasali Isha, mvua imeacha, mbingu zimeoshwa zinang'aa, kompyuta ikalia. Dokta akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Iko juu! Iko juu kabisa, upande wa kusini! Fungueni!"

Tulisukuma. Siku hiyo hatukupishana hata unyoya, paa lilikwenda kama limepakwa samli. Mwari akageuka mwenyewe kwa mashine yake, nayo ya betri, akainua shingo akatazama alikoelekezwa. Nikasikia kamera inaanza. Nikasema alhamdulillahi, tumeponea.

Dokta akaniita. "Bi Riziki, Mzee Kombo, njooni muone." Tukainama kwenye kompyuta. Nyota zote zimevimba. Kila moja kama tone la maziwa juu ya kaniki.

"Hii nini?" akasema. "Mbingu safi, nimetazama kwa macho yangu. Labda kuna wingu jembamba huko juu sana."

Kombo akadaka haraka, "Litakuwa wingu, Dokta. Baada ya mvua huwa yapo."

"Basi tusubiri lipite." Na akashika kichwa. "Kila dakika inafifia. Kila dakika."

Mie nilijua. Mtu aliyepika maisha yake yote anajua mvuke. Karafuu nusu kavu, zimetoka juani moto, zimefunikwa kwa turubali chumba kimefungwa, mashine ya kukausha hewa haina umeme. Zile zilikuwa zinatoa jasho masaa manne. Na kioo cha Mwari kimepoa kwa mvua. Ni kifuniko cha sufuria kile, hakuna wingu. Na wingu la kusubiri lipite lisingepita mpaka asubuhi, kwa sababu lilikuwa ndani ya nyumba.

Kombo akanikanyaga mguu. Nilijua maana yake: nyamaza, usiku huu ukiharibika ni kazi ya Mungu, hakuna atakayejua. Na kweli hakuna ambaye angejua. Nitawaambia jambo, vijana, nilikaa kimya pale. Sijui kwa muda gani, labda picha mbili. Picha mbili zile mpaka leo ninazo kifuani.

Kisha nikasema, "Dokta, si wingu. Kioo kimeingia jasho. Nimeweka karafuu chumbani."

"Umeweka nini?"

"Karafuu. Za wifi yangu. Magunia manne. Ziko chini yake."

Aligeuka akanitazama, na miwani ile, na uzi ule. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Chini yake?" kama mtu anayeambiwa chumbani kwake kunafugwa ng'ombe. Halafu akaruka akachukua kitambaa.

"Usikifute!" Nilimpigia kelele Dokta mzima. "Kina chumvi! Ukikifuta kibichi utakichora!" Alikuwa amenifundisha mwenyewe, lakini mtu akipaparika elimu inamtoka. Akasimama. "Tutafanyaje? Feni haina umeme."

"Toeni karafuu. Kioo niachieni."

Hapo nje tukasikia sauti. "Kombo! Riziki! Karafuu zangu ziko wapi, nimeambiwa huku kumenyesha!" Wifi Mkasi, na gunia kichwani, kashuka gari sasa hivi. Akaingia akamkuta Dokta na Kombo wanaburura turubali.

"Enhe! Mtu msomi na karafuu zangu usiku usiku!"

"Shika huko, dada," Kombo akamwambia, "utatukana baadaye."

"Kwani nani kafa?"

"Nyota," akasema Dokta.

Mkasi akamtazama juu mpaka chini. "Poleni. Kwa hiyo karafuu zangu ndizo hitima?" Lakini gunia alishalitua, na mikono yake ilishashika pembe ya turubali. Waliburura mpaka sakafuni nje, wakazitandaza juu ya majamvi makavu, Dokta Nassor na elimu yake yote kapiga magoti anazisambaza kwa viganja ili zisichachuke.

Mie nilikuwa nimekimbilia jiko la walinzi kuchukua vipepeo vya ukindu, viwili, vile vya kupulizia mkaa. Nikafunga mdomo na pua kwa kanga ili pumzi yangu isiende kwenye kioo. Nikapepea. Kupepea kioo si kama kupepea moto. Moto unaupiga. Kioo unakipitishia upepo ubavuni, taratibu, kama unampepea mgonjwa aliyepitiwa na usingizi na hutaki aamke. Mkasi akaingia, akaniona, akafunga mdomo na kanga yake bila kuulizwa, akashika kipepeo cha pili akasimama upande wa pili. Tulipepea. Mara ya kwanza maishani kumwona wifi yangu kafunga mdomo.

Jasho lilianza kuondoka pembeni, likarudi nyuma kuelekea katikati, kama maji yanavyokauka mwambani. Katikati kukabaki doa, kisha kama sarafu, kisha hakuna. Nikaziona nyota mle ndani ya kioo, kali.

"Piga, Dokta!"

Tukajikunyata chini ili tusiwemo kwenye picha. Akapiga. Akachungulia kompyuta, akasema kwa sauti ndogo, "Ipo."

Tulikwenda kuiona. Msitegemee makubwa. Ni nukta. Katikati ya nukta nyingine, hafifu, huwezi kuichagua mpaka uonyeshwe. Mkasi akasema, "Hii?" Dokta akampigia picha nyingine, na nyingine, mpaka usiku ukawa mkubwa, kisha akaziweka ubavuni. Nukta nyingine zote zimekaa zilivyo. Ile moja inapungua, inapungua, picha ya mwisho unaikisia tu. Mkasi akashika shavu. Baada ya muda akasema, "Maskini," na hakusema tena mpaka tumefika nyumbani.

Asubuhi yake Dokta aliniita. Alikuwa anaandika ile ripoti inayokwenda kwa wenziwe wote duniani wanaofuata mimweko, ile inayotakiwa ifike haraka. Macho mekundu. Akasema, "Bi Riziki, dakika ishirini na tatu za mwanzo zimeharibika. Picha zilizobaki ni nzuri sana. Lakini lazima niseme kwa nini za mwanzo ni mbaya. Naweza kuandika unyevu, nikaishia hapo. Hakuna atakayeuliza."

"Wakubwa wako wamesema Pemba ina unyevu."

"Ndiyo. Watasema tulijua."

"Na ukiandika karafuu?"

"Watasema hatuna nidhamu." Akavua miwani. "Yote mawili yanaweza kutufungia kituo. Nachagua lipi?"

Akaniuliza mie, wa darasa la tatu. Nilitazama nje, Mkasi yupo sakafuni anageuza karafuu zake juani, na safari hii kapewa ruhusa ya siku moja na Dokta mwenyewe. Nikamwambia, "Unyevu wa Pemba haukufanya kitu usiku ule. Kioo kilikauka kwa vipepeo viwili. Usiisingizie Pemba. Andika karafuu, andika ni mie niliyeziweka, na andika jina langu kamili."

"Jina pia?"

"Kwani unataka waseme ni mbuzi?"

Akaandika. Alinisomea, sentensi kwa sentensi, ananigeuzia kwa Kiswahili: kwamba picha za mwanzo zisitumike, kwa kuwa mtunzaji wa kituo alihifadhi karafuu zisizokauka chini ya kioo kuziokoa na mvua, na mvuke wake ukakifunika kioo, kwamba yeye mwenyewe alieleza hivyo wakati kazi inaendelea, na kioo kikakaushwa kwa kupepewa kwa mkono bila kufutwa. Kisha saa, dakika na namba za ule mwanga unavyofifia. Jina langu limeandikwa kwenye cheti cha ndoa, kwenye kitambulisho, na pale.

Tukangoja. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili Kombo akaanza kufungasha vyungu vyake vya mlinzi, namwambia acha, hasikii. Ya tatu Dokta akaja na baiskeli mchana kweupe, saa ambazo huwa kalala, nikajua imekuja. Tulikaa baraza ile ile, na Mkasi alikuwepo, anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyobaki kwenye gunia lake la mwisho.

Dokta akasoma. Mkubwa wao aliandika kwamba vituo viwili vingine vilivyoufuata mmweko ule vilipishana namba, na hawakujua wamwamini nani, mpaka walipoziweka namba zetu kati ya zao. Akasema amesoma ripoti nyingi, na kila kituo kina picha zilizoharibika, ila ni mara ya kwanza kuona kituo kimeeleza ni nani aliyeharibu, kwa kitu gani, na kwa nini. Kituo kinachoandika hivyo kosa lake, akasema, namba zake nazichukua bila kuuliza.

"Mwisho?" Kombo akasema. "Mwisho kasemaje?"

Dokta akasoma mstari wa mwisho. "Darubini ibaki. Karafuu zitoke."

Kombo akasujudu palepale barazani. Mie nililia, siwafichi, nililia na kanga imenijaa makamasi. Wifi yangu hakuinua kichwa, vidole vyake vinaendelea na makonyo.

"Mwandikie," akamwambia Dokta, "zimeshatoka, zimekauka, zimefungwa. Na msimu ujao kama ana wasiwasi nazo, aje mwenyewe kuzianua."

Dokta akaandika hivyo hivyo.